Nilivyozielewa fasadi za Laravel mpaka nikaunda yangu

Muda mrefu kwenye Laravel, ile fremu ya PHP ya kuundia tovuti, nilikuwa naandika tu Cache::get('mipangilio') na inafanya kazi (Cache hapo ndo fasadi, yaani klasi fupi unayopitia kufikia huduma ya Laravel), ila ile :: ilikuwa inanisumbua sana, maana inaonekana kama unaita methodi ya static (ile inayoitwa moja kwa moja kwenye klasi bila kuunda obijekti) halafu ukifungua klasi yenyewe ya Cache, get huioni hata ya dawa. Humo ndani cha maana kilichopo ni getFacadeAccessor inayorudisha neno 'cache', basi.

Nikaamua kufuata klasi mama, ile Illuminate\Support\Facades\Facade, na huko ndo nikakuta __callStatic. Yaani PHP ikikosa methodi ya static inakimbilia hapo, nayo inachukua lile jina 'cache' inaenda kuulizia kwenye kontena ya huduma (mahali Laravel inapotolea obijekti za huduma kwa majina yake), inapewa obijekti ya kawaida kabisa kisha inaita get juu yake. Kwa hiyo kazi yote inafanywa na obijekti, fasadi ni mlango tu. Aisee, kuanzia hapo mambo yakanyooka.

Sasa mimi nilikuwa na klasi ya kutuma SMS inayotakiwa kila kona, kwenye kontrola, kwenye foleni, kwenye komandi. Nikaisajili kwenye kontena kwa singleton (yaani obijekti moja tu inayotumika kote) ndani ya AppServiceProvider, klasi ya kusajilia huduma za app, kwa jina 'sms', nikaandika klasi ndogo inayorithi Facade na kurudisha jina hilohilo, na Sms::tuma($namba, $ujumbe) ikawa inaitika popote. Kama hutaki hata kuandika hiyo klasi, tangu toleo la 5.4 unaweka Facades\ mwanzoni mwa jina la klasi kwenye use, Laravel inakuundia yenyewe.

Ila sizitumii kila mahali. Niliwahi kukabidhiwa klasi ina Cache, Mail, DB, Queue na Storage zote humo humo na konstrakta (methodi inayoitwa obijekti ikiundwa) hakuna, huwezi kujua inategemea nini mpaka uisome yote, kwa hiyo klasi za kazi nzito huduma napitisha kwenye konstrakta, fasadi naziacha kwa kontrola fupi na ruti.

Kwenye majaribio ndo nazipenda zaidi, Sms::shouldReceive('tuma')->once() inaweka obijekti bandia inayotegemea tuma iitwe mara moja, na hakuna meseji inayotoka nje. Ila angalia, fasadi inashikilia obijekti iliyoipata mara ya kwanza, ukibadilisha kwenye kontena katikati ya jaribio inaweza kuendelea na ile ya zamani, we tumia Sms::swap() inabadilisha pande zote mbili, kwenye fasadi na kwenye kontena.