Siku Moja Maishani Mwangu: Mabati Mawili Juu ya Ubavu Mmoja

Saa 12:30 asubuhi. Ninafungua karakana iliyo nyuma ya nyumba yetu, hapa Texas, kabla jua halijapata nguvu. Leo, katika ndege ninayoijenga mwenyewe, ni zamu ya mabati mawili ya juu ya bawa la kushoto, na alumini haitaki kupimwa nusu ikiwa kivulini na nusu juani. Bati la mita 1.5 likiongezeka joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi hurefuka kwa takriban milimita 0.35, ilhali matundu ya ribiti, vile vipini vya chuma vinavyopigwa ili kushikanisha mabati, yana kipenyo cha milimita 2.5 tu.

Ndege yenyewe ni RV-7 ya viti viwili, ambayo Van's Aircraft ya jimbo la Oregon huiuza vipande vipande, mabati yakiwa yameshatobolewa kiwandani. Wageni wakiyaona matundu hayo hudhani kilichobaki ni kufunga tu. Lakini mabati haya mawili hayakutani ukingo kwa ukingo. Yanapandana juu ya ubavu mmoja, yaani kiunzi cha ndani kinacholipa bawa umbo lake, na mpandano huo ndio utakaomeza siku nzima.

Saa 2 asubuhi. Ninayalaza mabati mahali pake kwa kleko, vile vibanio vya muda vinavyoingia tundu kwa tundu, kisha ninainama hadi jicho liwe usawa wa bawa. Bati la upande wa shina, pale bawa linapoungana na mwili wa ndege, lina unene wa milimita 0.8, kwa kuwa huko ndiko bawa hubeba mzigo mkubwa zaidi, na lile la upande wa ncha lina milimita 0.6. Fundi wa paa angeridhika na mpandano huo kama ulivyo. Mimi ninautia alama kwa kalamu ya wino, kamwe si penseli, kwa sababu grafiti huchochea kutu katika alumini.

Saa 4 asubuhi. Mabati yanarudi mezani. Sehemu ngumu ni kona ya mbele, pale mpandano unapofika kwenye bati la ukingo wa mbele wa bawa: upande mmoja wa mstari pana unene wa bati moja, na upande wa pili mabati mawili. Kona hiyo naipunguza kwa tupa laini ili unene uteremke taratibu kuelekea pembeni, kisha naisugua kwa msasa. Bati hili ni aloi 2024, yenye shaba ndani yake, iliyofunikwa pande zote kwa utando wa alumini safi unaoikinga na kutu. Tupa ikishapita, utando umeondoka, kwa hiyo ninapaka praima, rangi ya awali ya kuzuia kutu, papo hapo.

Ukingo mzima wa bati la juu nao unapita katikati ya vigurudumu viwili vinavyoukunja kuelekea chini, kwa kiasi ambacho kidole huhisi kabla jicho halijaona. Usipokunjwa hivyo, ukingo hubenuka kati ya ribiti moja na nyingine, na hakuna rangi itakayoficha. Wapo wanaoiruka hatua hii; mabawa yao ninayatambua nikiwa mbali.

Saa 7 mchana. Joto limezidi. Ninakula, praima inakauka.

Saa 9 alasiri. Kila tundu linabonyezwa ili kichwa cha ribiti, chenye mteremko wa nyuzi 100, kizame sawasawa na uso wa bawa. Kwenye mpandano ni tabaka tatu, yaani mabati mawili na ubavu, na kila kibonyeo lazima kiketi ndani ya mwenzake bila kuyumba.

Saa 11 jioni. Shemeji amerudi kazini na anashika upande wa ndani chuma cha kuzuia, ambacho mkia wa ribiti hupondwa dhidi yake ninapoipiga kutoka nje.

"Uko tayari, shemeji?"

"Piga."

Tunaanzia katikati ya bati na kuelekea kingoni, ili ulegevu wowote usukumwe nje badala ya kunaswa katikati. Ribiti ya milimita 2.4 ikishapigwa, kichwa chake cha ndani kinapaswa kuwa na upana wa takriban milimita 3.6 na kimo cha milimita 1.2, shemeji hupima, wala hakubali kubembelezwa.

Saa 3 usiku. Ninapiga picha na kuandika kumbukumbu za kazi, kwa kuwa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hutaka ithibitishwe kwamba sehemu kubwa ya ndege imeundwa na wasio wafanyabiashara, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Mabati ya chini yatabaki wazi hadi nyaya zipitishwe na mshauri wa kiufundi wa EAA, chama cha wajenzi na wapenzi wa ndege, anayejitolea bila malipo, aje kutazama ndani ya bawa.