Crown na Daftari Lake

Tegeta, Jumamosi usiku

Leo gari limetoka gereji likiwa na pampu mpya ya maji, nami nimeona niandike kabla sijasahau maelezo ya fundi, pamoja na mawazo mengine ambayo nimekuwa nayo tangu nianze kulimiliki. Ni Toyota Crown Royal Saloon ya mwaka 2006, ya kizazi cha kumi na mbili, kile kilichotoka Desemba 2003 na ambacho Wajapani walikiita Zero Crown kwa sababu Toyota ilianza upya karibu kila kitu. Chasisi ilikuwa mpya, na injini za silinda sita za mstari mmoja, zilizokuwa zimezoeleka katika Crown kwa miaka mingi, zikazipisha injini za V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Langu lina injini ya 4GR-FSE ya lita 2.5 na giaboksi otomatiki ya gia sita.

Hapa Dar es Salaam ukitaja Crown watu wengi hufikiria Athlete, lile lenye taa nne za duara nyuma na rimu kubwa za inchi 18. Ni gari zuri, sibishi. Mimi nilitafuta Royal kwa makusudi, kwa sababu hutembelea matairi ya 215/60 kwenye rimu za inchi 16, na ule unene wa tairi ndio unaomeza mashimo ya barabara yetu ya ndani kabla hayajafika kwenye bushi na boljointi, yaani mipira na maungio ya miguu ya gari. Mtu anayeishi kando ya lami na kutembea katikati ya jiji tu anaweza kuchagua kwa macho. Sisi wa barabara za vumbi na makorongo ya masika tuna sababu ya kutazama kwanza ukubwa wa tairi.

Siku gari lilipotoka bandarini nilikuta ndani ya kisanduku cha dashibodi kitabu cha matengenezo, kimejazwa kwa mkono, na miaka imeandikwa kwa hesabu ya Kijapani ya Heisei, ambapo Heisei 18 ndiyo 2006. Sikuweza kusoma maandishi yote, lakini tarehe, kilomita na mihuri vilitosha kunionyesha maisha ya gari hilo kabla halijanifikia. Japani ina ukaguzi wa lazima uitwao shaken: gari dogo jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, na bila kufaulu ukaguzi huo haliruhusiwi barabarani. Breki, taa, moshi, mikono ya usukani, mivujo, vyote hutazamwa. Kwa hiyo gari ninaloendesha lililelewa na kalenda. Kulikuwa na tarehe iliyokuwa ikisogea, na mwenye gari, apende asipende, ilimbidi alitengeneze kabla tarehe hiyo haijafika.

Hapa kwetu kalenda hiyo inabidi aishike mwenye gari mwenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo magari haya yanapoharibikia. Watu husema Crown ni gari la gharama, lina hila, linasumbua. Sikubaliani nao. Ni gari lililobuniwa kwa kudhani kwamba kila kitu kitabadilishwa kwa wakati wake, kisha likaletwa mahali ambapo tumezoea kubadilisha kitu baada ya kufa. Ndiyo maana nilinunua daftari gumu la kurasa nyingi, nikaandika namba ya chasisi kwenye ukurasa wa kwanza, na tangu hapo kila linalofanyika kwenye gari huandikwa humo: tarehe, kilomita, spea iliyowekwa, ilikonunuliwa, na fundi aliyeiweka.

Nirudi kwenye pampu. Wiki kadhaa zilizopita, nikikagua injini asubuhi ikiwa bado ya baridi, niliona chini ya puli ya pampu ya maji ukoko mkavu wa rangi ya waridi, kama chumvi iliyogandia ukingoni mwa sufuria. Gari halikuwa limechemsha, mshale wa joto ulikuwa umetulia mahali pake, wala sakafuni hapakuwa na tone. Fundi wangu alipinda chini, akapangusa kwa kidole, akaniambia, "Dada, hii bado inakupeleka miezi. Tuiache kwanza." Nikamjibu, "Fundi, naomba tusiingoje." Hakubisha zaidi. Nadhani ameshanizoea.

Ukoko ule una maana. Kulanti ya Toyota, yaani maji maalumu ya kupozea injini, kwa injini hizi ni ya waridi, na pampu ina tundu dogo la kuonyesha kwamba sili ya ndani inayozuia maji imeanza kuchoka: maji hutoka kidogo kidogo, hukauka kwa joto la injini, na yanachoacha ni hiyo rangi. Sili ikikata kabisa mahali kama mlima Kitonga wa njia ya Iringa, gari likiwa na abiria watano na mizigo, maji huisha kabla dereva hajapata pa kuegesha. Hedi za injini hii, yaani vifuniko vya juu ya silinda, ni za alumini na zikipata moto mkali hupinda, gasketi huungua, na kilichokuwa kazi ya nusu siku kinageuka kuwa kufungua injini nzima. Nilipolinganisha bei ya pampu na bei ya kazi hiyo sikuona la kufikiria. Pamoja na pampu tulibadilisha mkanda wa nje na tenshena yake inayoukaza, kwa kuwa vyote vilikwisha kufunguliwa.

Kuna jambo moja la mfumo huu wa kupoza ambalo linaniumiza kila nikilisikia, nalo ni desturi ya kutoa themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa, eti injini ipoe vizuri zaidi kwa sababu Dar ni joto. Injini isiyo na themostati hukawia kufika kwenye joto lake la kazi, kompyuta hudhani bado ni asubuhi ya baridi na kuendelea kuongeza petroli, na matokeo yake ni ulaji mkubwa wa mafuta na masizi ndani ya silinda. Pia kuna wanaojaza rejeta maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya huku Pwani yana chumvi, na chumvi haina urafiki na alumini. Kulanti sahihi hununuliwa mara chache sana: kwa ratiba ya Toyota, ile ya waridi hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, na baada ya hapo kila kilomita 80,000.

Ugonjwa ambao kila mwenye 4GR-FSE anapaswa kuuelewa, hata kama hataki kujua mengine, ni masizi kwenye valvu za kuingiza hewa. Katika injini za kawaida petroli hunyunyizwa kabla ya valvu, na kila inapopita huziosha. Injini hii hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, kwa hiyo valvu hizo hazioni petroli kamwe. Zinachokiona ni mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini, nao hukaangwa juu yake mpaka ukawa tabaka gumu jeusi. Toyota yenyewe, katika 2GR-FSE ya lita 3.5 ya familia hiyohiyo, iliweka nozeli, yaani pua za kunyunyizia petroli, mbili kwa kila silinda, moja ndani na nyingine kwenye njia ya hewa, na valvu za injini hiyo zikapata kuoshwa. Yetu ya 2.5 haina nozeli hiyo ya pili.

Dalili huanza polepole. Asubuhi, katika sailensi, yaani gari likiwa limesimama huku injini inaunguruma, unahisi mtetemo mdogo kwenye usukani ambao hutulia injini ikipata joto. Mwaka jana mtetemo huo ulipoanza nilimwomba fundi afungue manifoldi ya hewa, yaani bomba linaloigawa hewa kwenye silinda, nami nikakaa pembeni kutazama. Shina la valvu ya silinda ya kwanza lilikuwa limevimba kwa masizi kiasi kwamba umbo lake halikuonekana. Ilichukua siku nzima ya dawa, brashi na vijiti vya mbao, silinda moja baada ya nyingine, valvu zikiwa zimefungwa ili uchafu usianguke ndani. Jioni injini ilipowashwa ilitulia kabisa. Wapo wanaoshauri kumwaga dawa ya kusafishia kwenye tangi la mafuta, lakini dawa hiyo hupita kwenye nozeli na kuishia ndani ya silinda. Kwenye valvu haifiki.

Njia ya kupunguza masizi ni oili nzuri inayomwagwa mapema. Mimi natumia sintetiki ya 5W-30 na namwaga kila kilomita 5,000, kwa sababu foleni ya Barabara ya Bagamoyo, kutoka Tegeta hadi Mwenge, ni kazi ngumu kwa injini kuliko mwendo mrefu wa barabara kuu. Injini hii hubeba zaidi ya lita sita za oili, na nimewahi kuona gari la jirani likitoka kwenye sevisi na galoni moja ya lita nne tu, taa ya oili ikiwaka kila likikata kona. Stiki ya oili naipima kila Jumapili asubuhi.

Giaboksi ni habari fupi: haina stiki. Oili yake ni ya aina ya WS, na kiwango hupimwa kwa kufungua nati ya chini huku injini inaunguruma na oili ikiwa kwenye joto lililowekwa, mpaka ziada imalizike kutiririka. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo asiiguse, na fundi anayesema oili hiyo ni ya milele naye asisikilizwe.

Kuhusu spea, wanaoogopa Crown hawajui kwamba injini hiihii ya 4GR-FSE imo ndani ya Mark X ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2004, na ndani ya Lexus IS 250. Mark X hiyo imejaa Tanzania, na kwa sababu hiyo vipuri vingi vya injini hupatikana kwenye maduka ya mitaa ya Kariakoo na Gerezani hapa Dar bila kuhangaika. Kinachohitaji tahadhari ni kujua ninachonunua. Kwanza natafuta namba ya kipuri kwa kutumia namba ya chasisi, kisha ndipo naenda dukani na namba hiyo mkononi. Kwa koili, sensa na plagi za iridiamu nanunua mpya orijino tu, maana za bandia hufungwa kwenye maboksi yanayofanana kabisa na ya kweli. Kwa vioo, taa na vitasa, mtumba wa Japani ni mzuri kuliko kipya cha kuigiza.

Gharama sizifichi. Nilipoagiza, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa injini inazidi cc 2,000, ushuru wa uchakavu asilimia 30 kwa kuwa gari lilikuwa limepita miaka kumi, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Kodi zikazidi thamani ya gari kama ilivyokadiriwa. Tangu ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ifutwe mwaka 2017 na mzigo huo kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, mwenye injini kubwa hulipia barabara kila anapofika kituoni. Mjini lita moja hainifikishi kilomita nane. Barabara ya Iringa, kwa mwendo wa kutii vibao na kutopigwa tochi ya trafiki, hupita kumi na mbili.

Na bado nalipenda gari hili, tena bila kusitasita. Mama yangu ana tatizo la mgongo la siku nyingi, na safari ya kumleta Dar kutoka Iringa kwa matibabu ilikuwa ikimlaza siku mbili kabla hata hajamwona daktari. Katika kiti cha nyuma cha Royal hulala kuanzia Mikumi, akiamka pale tu tunapopita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo barabarani. Gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa kiti cha nyuma. Japani lilikuwa la wakurugenzi na viongozi, na utulivu wa ndani, milango inayofunga kwa sauti nzito na nafasi ya miguu vilifikiriwa kwa miongo kadhaa tangu Crown ya kwanza ya mwaka 1955. Mama hajui lolote kuhusu historia hiyo. Anachojua ni kwamba anashuka akiwa anaweza kusimama.

Redio ya Kijapani, ambayo masafa yake huishia 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, niliiwekea kifaa cha kuongeza masafa na kuyaacha mengine kama yalivyo. Kila asubuhi sauti ya dada wa Kijapani iliyorekodiwa ndani ya gari hunikumbusha kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara kuu za huko Japani.

Kazi inayofuata kwenye daftari ni bushi za mikono ya chini ya mbele. Kwenye matuta ya huku ndani kuna mgongano mdogo upande wa kushoto, na fundi alipoinua gari leo alinionyesha mpira uliopasuka nusu. Jumatatu mchana nitapita Gerezani na namba ya kipuri. Nikikosa orijino nitaagiza Japani, kwa kuwa safari ya Iringa ni Desemba na muda bado unatosha.