Koili ya Tatu

Aprili ile mvua ilinyesha karibu kila usiku, na asubuhi moja Toyota Fielder ya teksi ikaingia gereji pale Ngara ikikohoa. Dereva alishuka na kisanduku kidogo mkononi, ndani yake koili mpya, kile kifaa kinachokuza umeme ili plagi irushe cheche ya kuwasha petroli.

"Fundi, nifungie hii koili niende kazi. Ni ya tatu tangu Januari."

"Zote silinda moja, mzee?"

"Moja. Ile ya 3."

Koili mbili hazifi kwenye tundu moja ndani ya miezi mitatu bila kuuawa na kitu.

Alisema taa ya injini ilianza kupepesa akipanda Waiyaki Way, baadaye ikatulia ikawa inawaka tu. Huko kupepesa ndiko kubaya. Petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda huenda kuungulia kwenye kataliti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na kataliti ikiyeyuka, moshi unakosa njia. Taa ikipepesa, toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kusimama. Mzee alikuwa amefika Uthiru na kurudi.

Skana, ile mashine inayosoma kompyuta ya gari, ilitoa kodi P0303, yaani msimbo wa kosa unaosema silinda ya 3 haiwaki sawasawa. Wengi huisoma kodi hiyo kana kwamba imeandikwa "nunua koili". Kodi hii haisemi habari za koili. Kompyuta inachopima hapa ni mwendo wa kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni: silinda ikiwaka, kranki inasukumwa, isipowaka, kranki inapoteza kasi kidogo na sensa inaona. Kosa laweza kuwa cheche, injekta inayonyunyiza petroli, hewa inayovuja kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kabla ya kufuta chochote niliandika data iliyohifadhiwa pamoja na kodi: joto digrii 86, mizunguko 2,400 kwa dakika, injini ikivuta mzigo mkubwa. Hapo ndipo cheche dhaifu huumbuka, kwa sababu mgandamizo ukipanda, volti nyingi zaidi zinahitajika ili umeme uruke pengo la plagi. Kukiwa na njia ya mkato, umeme unaifuata.

"Injini imeoshwa juzi?" Maji ya kuosha injini hukaa kwenye matundu ya plagi na kuleta kodi hiyohiyo. Akasema hapana.

Nikachukua spana ya 10, nikahamisha koili ya 3 kwenye silinda ya 1 na ya 1 kuipeleka ya 3. Plagi na injekta sikuzigusa, maana ukihamisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimehama na kosa. Nikafuta kodi, tukapanda Waiyaki Way tena. P0301: kosa limeifuata koili hadi silinda ya 1. Koili imekufa kweli.

Hapo ndipo mafundi wawili wa kwanza walipoishia, na walikuwa sahihi nusu. Koili ilipotoka mara ya pili niliitazama raba yake: imevimba, laini kama ndizi iliyoiva, inanuka oili. Tochi ndani ya tundu la 3 ikaonyesha dimbwi jeusi, kama sentimita moja. Oili huilainisha raba, raba hupasuka, cheche inatorokea ukuta wa tundu badala ya kwenda kwenye plagi, na koili inachoka ikipambana.

Oili hiyo hutolewa kabla ya plagi kufunguliwa, la sivyo inadondokea ndani ya silinda. Nilitumia kitambaa kwenye ncha ya bisibisi, kisha upepo wa kompresa, miwani usoni. Injini niliiacha ipoe kwanza, kwa sababu hedi, kichwa cha injini, ni ya aluminiamu na nyuzi zake za kufungia plagi huharibika ukiilazimisha plagi ikiwa moto. Kauri nyeupe ya plagi ilikuwa na mstari mweusi mwembamba kutoka juu hadi kwenye chuma. Plagi yenye mstari huo hairudi, hata ukiisugua.

Gasketi ya kava ya valvu, ile raba inayozuia oili isivuje juu ya injini, ilikuwa imekauka hadi ikavunjika kama biskuti. Nikafunga mpya pamoja na raba za matundu ya plagi, silikoni kidogo pale kava ya cheni inapokutana na hedi, plagi nne mpya zenye pengo la milimita 1.1. Boliti za kava nilizikaza kwa kupishana, kidogokidogo. Ukizibana kwa hasira gasketi inajikunja na kuvuja tena.

Ndipo nikaifungua valvu ya PCV, ile inayotoa hewa ya ndani ya injini. Ukiitikisa inapaswa kulia. Hii ilikuwa kimya, imegandana kwa tope la oili. Presha ilikosa pa kutokea, ikawa inasukuma oili kwenye kila gasketi iliyochoka.

"Oili unabadilisha baada ya kilomita ngapi, mzee?"

Akatazama pembeni. "Kazi ikiruhusu."

PCV mpya ilikuwa bei rahisi kuliko koili moja. Ile koili ya kwenye kisanduku tuliifunga silinda ya 3, ya 1 ikarudishiwa yake, tukapanda hadi Uthiru mara mbili, bila kodi. Koili mbovu alitaka kuiweka kwenye buti iwe akiba. Nilikata raba yake kwa kisu kwanza, isije ikasafishwa na kuuzwa tena Kirinyaga Road.