Siku ya kuwawekea walimu kihariri kipya

Saa 1 asubuhi. Niko ndani ya mwendokasi kutoka Kimara kwenda Morocco, nimesimama, begi la laptop nimelikumbatia kifuani. Meseji ya mwalimu wa taaluma imeshaingia: "Kijana wangu, notisi za Kidato cha Pili hazifunguki tena." Namwamkia kwanza, kisha namwambia leo ndiyo siku yenyewe. Shule yao ina mfumo wa notisi: mwalimu anaandika kwenye kompyuta, mwanafunzi anasoma kwa simu. Aliyeutengeneza kabla yangu alishalipwa, na simu hapokei.

Saa 2 na nusu. Chai, chapati, databesi, yaani ghala la notisi zote. Nafungua notisi moja ya Biolojia. Maandishi yake hayajazi ukurasa, halafu linaanza balaa: `/9j/4AAQSkZJRg`, na herufi zinazofuata hazina mwisho. Nasogeza chini mpaka kidole kinachoka. Ukiona `/9j/` ujue hiyo ni picha ya JPEG iliyogeuzwa maandishi kwa mtindo wa Base64. Kihariri cha zamani, yaani kisanduku anachoandikia mwalimu, hakikuwa kinapakia picha popote, kilizichomeka humohumo ndani ya notisi. Kwenye Base64 kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, kwa hiyo picha ya MB 3 inanenepa hadi MB 4. Mtoto anayetaka aya mbili za usanisinuru anakatwa bando la picha zote kabla hajaona hata neno moja.

Saa 4. Kuchagua kihariri. Trix ya Basecamp naipenda kwa udogo wake, na picha inazishughulikia kistaarabu, lakini haina majedwali. Nenda kamwambie mwalimu wa uhasibu aandike leja bila jedwali uone. Nachukua TinyMCE: jedwali limo bila malipo, na naiweka kwenye seva yetu wenyewe kwa leseni huria ya GPL. Mistari michache ya msimbo (code), kisanduku kinatokea na vitufe vyake vya herufi nzito na mlazo. Kijana wa field aliyekaa pembeni yangu anashangaa. "Kaka, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii?"

Namwambia anakili notisi kutoka Word, tuangalie kinachobebwa na kopi hiyo. Sentensi moja, "Seli ni kitengo kidogo cha uhai," imekuja na `class="MsoNormal"`, mitindo kibao inayoanza na `mso-`, na tagi (alama za HTML, lugha ya kurasa za wavuti) za `<o:p>` zisizo na chochote ndani. Na walimu karibu wote wanaandikia Word kisha wanabandika. Hakuna mtu atakayekaa kuanza upya kwenye kisanduku chetu, na sioni sababu ya kuwalazimisha.

Dawa ni kuchuja, na kuchuja kunafanyika kwenye seva. Kivinjari ni cha mtumiaji, anaweza kukidanganya anavyotaka. HTML Purifier, programu ya kuchuja HTML, naipa orodha fupi ya tagi zinazoruhusiwa: aya, vichwa, orodha, jedwali, picha, linki. Kisichomo kwenye orodha kinabaki nje. Kumwonyesha kijana kwa nini, natuma `<img src=x onerror=alert(1)>` (picha ya uongo iliyobeba amri ya JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari) moja kwa moja kwenye seva, kabla sijawasha mchujo, kisha nafungua notisi kama mwanafunzi. Kidirisha kinachomoka katikati ya skrini. Angekuwa mtu mwenye nia mbaya, pale ndipo angeiba akaunti ya kila anayesoma.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie. Foleni ndefu kuliko mlo.

Saa 8 mchana. Sasa mafaili, na hapa ndipo muda wangu wote ulipoishia. TinyMCE inakuachia uandike mwenyewe kipengele cha `images_upload_handler`: unapokea picha, unaituma, seva inajibu kwa JSON (maandishi ya data yaliyopangwa) yenye `location`, yaani anwani ya picha. Kwenye notisi inabaki linki tu.

Kijana anapendekeza tuangalie kiambishi cha jina, ikiwa `.jpg` ipite. Nabadilisha jina la faili la PHP, yaani programu ya kuendeshwa kwenye seva, kuwa `picha.jpg`, linapita bila kuulizwa. Tunasoma baiti za mwanzo badala yake: PDF inaanza na `%PDF`, PNG ina saini yake, JPEG nayo ina yake. Na hata hiyo haitoshi peke yake, kwa hiyo faili tunalipa jina jipya la kubahatisha na kulilaza nje ya folda ya wazi. Picha za aina ya SVG nimezikataa kabisa, maana zinaweza kubeba JavaScript ndani yake.

Najaribu PDF ya mtihani iliyoskaniwa. Kosa 413, yaani faili ni kubwa mno. Nginx, programu inayopokea maombi mlangoni mwa seva, usipoiambia kitu inakomea MB 1, na PHP nayo kwa faili moja inakomea MB 2. Ukirekebisha moja ukasahau nyingine utalaumu msimbo wako bure. Naweka 20 kote.

Picha za simu nazipunguza kwenye simu yenyewe kabla hazijatumwa, upana usizidi pikseli 1600, kwa kuzichora upya kwenye `canvas`, turubai ya kivinjari. Bando la mwalimu linapona, na taarifa za EXIF, zile simu inazoficha ndani ya picha kama vile mahali ilipopigwa, zinadondoka njiani. Mwalimu aliyepiga picha daftari akiwa nyumbani hana haja ya kuwapa wanafunzi ramani ya kwake.

Saa 10. Bakapu kwanza. Kisha naachia skripti ipite kwenye notisi za zamani, kila Base64 iigeuze faili na kuacha linki mahali pake. Wakati inatembea naandika kazi ya usiku ya kufuta mafaili yaliyopakiwa lakini notisi zake hazikuhifadhiwa.

Saa 12 jioni. Mwalimu wa taaluma anapiga. Notisi ya Biolojia imefunguka kwa simu yake, amebandika na jedwali, amepakia na PDF.

"Hongera sana, kijana wangu."

"Asante, mwalimu."

"Sasa mwalimu wa Hesabu anauliza, sehemu na vipeuo vinaandikwa wapi?"

Nikamwambia hiyo ni bei nyingine.