Jumamosi ya Kuipima Ratiba

Ratiba yetu ya kwanza ya mashindano ya bunduki na bastola za kijeshi za zamani ilienea kwenye karatasi moja. Washindani 36, nafasi 12 za kufyatulia, zamu tatu za dakika 35 kila moja. Tungeanza saa mbili asubuhi, na saa nne kasorobo bunduki zingekuwa zimekwisha.

Wiki sita kabla ya siku yenyewe, Jumamosi, tulikwenda uwanjani watu watano kuipitia amri kwa amri. Tulichukua saa ya kuhesabia sekunde, risasi za mazoezi zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha baruti kilicho kwenye kitako cha risasi), na bunduki nne: Lee-Enfield Namba 4, Mauser 98k, Mosin-Nagant 91/30 na M1 Garand.

Kilichotuumbua kwanza ni mwendo wa miguu. Shabaha ziko meta 100. Bolti, yaani vyuma vinavyosukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu, zifunguliwe, kila chemba, mahali risasi inapokaa, iwekwe kijiti cha rangi, msimamizi akague bunduki moja moja, ndipo watu waende, wahesabu alama, wabandike matundu, warudi. Hapo dakika 10 zimekwisha, na kila zamu huenda mara nne: baada ya risasi za majaribio, baada ya zile 10 za polepole kifudifudi, baada ya 10 za haraka, na baada ya 10 za kusimama. Karatasi yetu ilihesabu muda wa kufyatua na kujipanga tu. Ukweli ulikuwa dakika 75 kwa zamu, yaani saa tatu na dakika 45 kwa zamu zote. Bastola tukazisogeza mchana palepale, kwa sababu mstari wa meta 25 na ule wa meta 100 unatazama tuta moja na haiwezekani kuitumia yote miwili kwa pamoja.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye zile risasi 10 za haraka. Magazini ya Lee-Enfield inabeba 10, ya Mauser na Mosin tano tano. Klipu, kibanio cha chuma kinachoshika risasi pamoja, kwa Garand huingia nzima ndani ya bunduki ikiwa na nane, na huruka nje yenyewe risasi ya mwisho ikishatoka. Ukisema tu "piga 10", mwenye Lee-Enfield hapakii tena, na wengine wote wanapakia katikati. Tukaamua kila mtu apakie upya mara moja: bunduki za bolti zianze na tano, kisha tano; Garand ianze na klipu yenye mbili, kisha yenye nane. Ndivyo wanavyofanya wapiga shabaha wa Marekani tangu zamani, na baada ya kulijaribu siku ile sijaona mpango wenye haki zaidi.

Lee-Enfield ikakwama kwenye klipu ya pili. Mwenzetu alitaka kuigonga bolti kwa kiganja, tukamzuia, tukaitoa magazini tuitazame. Risasi ya .303 ina ukingo uliotokeza kwenye kitako chake. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa iliyo chini yake, bolti ikiisukuma ya juu, inaikokota na ya chini, na hakuna inayoingia. Dawa yake iko mezani, kabla ya mtu kulala mstarini: ndani ya klipu kingo zipangwe chini, juu, chini, juu, chini. Klipu ikiwa hivyo huhitaji kuuliza upande gani uanze. Ile iliyokwama ilikuwa na mbili za chini zikifuatana. Mosin nayo ina risasi ya ukingo, ila ndani yake kuna kipande cha chuma kinachoizuia risasi ya pili isipande mpaka ya kwanza iingie chemba, kwa hiyo haina ugonjwa huo. Tukaongeza ukaguzi wa klipu kwenye dakika tano za maandalizi.

Risasi za majaribio tulikuwa tumeandika tatu. Tukazifanya tano, kwa ajili ya vilenga. Mosin 91/30 ilirekebishwa kiwandani singe ikiwa imefungwa. Sisi hatukuruhusu singe mstarini, na bila singe risasi huhama. Gewehr 98, Mauser ya zamani zaidi, ni ngumu zaidi: alama ya chini kabisa kwenye kilenga chake ni meta 400, na kwa meta 100 risasi hupita juu ya ulikolenga kwa zaidi ya robo meta. Kwa wenye Gewehr 98 tuliagiza karatasi ndefu za shabaha, waweze kulenga chini ya duara jeusi.

Penye mlango wa uwanja tukapanga meza ya sumaku. Risasi yoyote inayonaswa hairuhusiwi. Najua baadhi zina chuma kwenye ganda la nje tu, na kiini chake ni madini laini ya risasi, lakini sumaku haitenganishi, na kiini cha chuma kikigonga jiwe kwenye nyasi kavu kinatoa cheche. Meza ya pili ilikuwa ya maji ya moto: fataki za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta peke yake hayaiyeyushi.

Bastola zilituchukua muda mfupi. M1911 inabeba saba, Luger nane, Webley sita; Nagant ina saba lakini hupakiwa moja moja kupitia kidirisha cha pembeni. Tukakata kila mkupuo uwe wa risasi tano, bila kupakia upya muda ukiwa unahesabiwa. Na kuanza ni mezani, kamwe si kwenye mkoba: Tokarev haina kitasa cha usalama.

Mwishoni tukarudi kwenye sekunde za kupewa zile risasi 10 za haraka za bunduki. Mmoja wetu alitaka 60, akitaja jeshi la Uingereza kabla ya 1914, ambalo askari wake walipiga risasi 15 za kulengwa kwa dakika moja, yadi 300. Hao walizoezwa na bunduki moja. Tukapima. Garand haijirudishi bila baruti, hivyo tulipima kupakia kwake tu. Lee-Enfield, klipu zikiwa zimepangwa sawa, ilimaliza kwa sekunde 58, Mauser 66. Mosin, yenye mpini mfupi wa bolti, ilitoa ganda la mwisho kwenye sekunde ya 76. Tukaandika 80.