Foleni ya Chakula Kansas City na Mti wa Shule Yetu

Novemba 2025 dada yangu alinitumia voisi ya dakika saba. Yupo Kansas City, Marekani, mwaka wa tisa sasa, kazi yake ni kuhudumia wazee, na Jumamosi anaenda kusaidia kugawa chakula kanisani kwao. Siku hiyo mi nilikuwa sokoni Tengeru, huku Arusha, nimebeba ndizi mshare na sado ya maharage, nikasogea pembeni kwa wauza vitunguu nikaisikiliza yote maana nilisikia sauti yake imekatika. "Mdogo wangu, leo foleni imezunguka kanisa mpaka barabarani, mama mmoja kaja na sare ya kazini, katoka zamu ya usiku, anaomba maharage ya kopo na maziwa ya mtoto."

Hapo serikali yao ilikuwa imefungwa. Wabunge walishindwa kukubaliana bajeti, ikafungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, siku 43, kabla ya hapo hawakuwahi kufunga muda mrefu hivyo. Sasa kule kuna msaada unaitwa SNAP, zamani walikuwa wanatumia stempu za chakula, saivi ni kadi kama ya benki, kila mwezi inaingia hela ya kununua chakula tu. Wakati huo waliotegemea hiyo kadi walikuwa kama watu milioni 42, yaani kila Wamarekani wanane mmoja wao alikuwemo, na mtu mmoja alipata wastani wa kama dola 6 kwa siku. Hela ya Novemba haikuingia kwa wakati, ikawa kesi mahakamani, huku watu wamebaki na kadi tupu mkononi.

Nikamuuliza dada kitu ambacho hata wewe ungeuliza, hivi mtu ana gari halafu ana njaa inakuwaje? Akaniambia kwanza gari kule ni kama miguu, bila gari hufiki kazini, pili ndo linakufikisha kwenye chakula chenyewe. Nikanyamaza. Mi hapa nikitoka getini nina genge, mchicha, mnafu, nyanya za mia tano, mama wa genge ananikopesha mpaka mwisho wa mwezi na jina langu liko kwenye daftari lake. Yeye anasema upande wa mashariki wa jiji lao kulikuwa na supamaketi kwenye jengo ambalo mmiliki wake ni jiji lenyewe, rafu zikawa zinakaa tupu, na Agosti 2025 ikafungwa kabisa. Mtaa mzima ukabaki na vibanda vya petroli vinavyouza soda na chipsi za pakiti. Wazee anaowahudumia wanapanda basi kutafuta nyanya!

Hiyo habari ya jengo ndo ilinikaa kichwani. Kumbe duka kubaki au kuondoka lilikuwa ni jambo la baraza la madiwani pia, kuna kikao, kuna bajeti, kuna watu wananyoosha mikono. Dada alishawahi kwenda kwenye hicho kikao chao, mwananchi anapewa dakika chache za kusema mbele ya madiwani halafu anakaa. Alisema mikono ilitetemeka lakini alisema.

Nami nikamwambia, dada, unajua kuna mtu wa huko kwenu aliyekuja kuishi Imbaseni? Hakuwa anajua. Ukipanda haisi ya Usa River ukashuka Maji ya Chai unaingia huko ndani, wengi wa huku tunapajua, kuna kituo cha jamii kinaitwa UAACC ambacho Pete O'Neal na mkewe Charlotte walianzisha mwaka 1991, watoto wanasoma na wengine wamelelewa pale. Huyu Pete alikuwa mwenyekiti wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliopigania haki zao, hapo hapo Kansas City. Alihukumiwa kwa kesi ya bunduki, akaondoka Marekani 1970, akapitia Sweden na Algeria, akafika Tanzania 1972. Watu wakisikia Black Panther wanafikiria koti jeusi na bunduki. Mi nafikiria chai ya asubuhi, maana Januari 1969 wenzake wa Oakland, California, walianza kupikia watoto kanisani kabla ya shule, mayai, mkate, na grits ambayo ukiiona utasema ni uji mzito wa mahindi, na huko Kansas City pia walipika. Mkuu wa FBI, wale wapelelezi wa serikali kuu yao, J. Edgar Hoover, aliuona huo mpango wa kulisha watoto kuwa ni tishio. Serikali yenyewe ilikuwa na majaribio ya kifungua kinywa mashuleni tangu 1966, lakini mpaka 1975 ndo ukafanywa wa kudumu.

Kwa nini sahani ya mtoto imtishe mtu mwenye cheo? Jibu langu nililipata kwenye habari ya jimbo la Mississippi. Kipupwe cha 1962 kuingia 1963, kaunti ya Leflore, wakulima weusi waliokuwa wanalima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba walikuwa wanaishi kwa unga na maharage ya msaada wa serikali kuu, maana baridi hakuna kibarua. Wakaanza kujiandikisha kupiga kura. Viongozi wa kaunti wakakata chakula, watu kama 22,000 wakakosa. Vijana wa haki za kiraia wakakusanya chakula mikoa mingine wakakileta, na kwenye foleni ya kuchukua unga watu wakawa wanaongea, wanaelewa kabisa aliyefunga ghala ni nani na kwa nini, halafu wanaenda kujiandikisha wengi kuliko mwanzo. Kaunti ya jirani, Sunflower, mama Fannie Lou Hamer alifukuzwa shambani alikoishi kwa sababu hiyo hiyo ya kutaka kura, na mwaka 1969 akaanzisha shamba la ushirika kwa ekari 40, na kulikuwa na nguruwe, familia inapewa jike, likizaa inarudisha watoto wapewe wengine. Si ndo kopa ng'ombe lipa ng'ombe yetu hii!

Sasa nije kwangu. Shule ya watoto wangu wazazi tunachangia chakula, mahindi kilo 10, maharage kilo 3 na elfu tano ya mpishi kila muhula. Kiwango kilipitishwa kwenye kikao cha wazazi ambacho mi sikwenda, nilikuwa na mteja, nikasema watakachoamua niambieni. Mwezi wa pili nimepeleka daftari la mtoto saa saba mchana nikakuta watoto kama kumi na tano wamekaa chini ya mti, wenzao wanakula makande, wao wanaangalia. Hawajachangiwa. Kati yao yupo wa jirani yangu, baba yake anaponda kokoto, tunasalimiana kila asubuhi. Yule mtoto akaniamkia shikamoo mama, na mimi nikaitikia marahaba nikapita. Nimelala na hiyo marahaba siku nyingi.

Dada nilipomwambia akasema kule nako zipo shule ambazo mtoto mwenye deni ananyang'anywa sahani ya moto anapewa mkate baridi na jibini, wote wakimwona, mpaka jimbo la New Mexico likapiga marufuku kwa sheria 2017. Minnesota wao tangu 2023 watoto wote wanakula bure shuleni asubuhi na mchana, hakuna kuulizana baba yako ana nini.

Kikao kilichofuata nilikwenda. Tulikuwa akina mama wengi, akina baba wanne, mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu. Nilinyoosha mkono, sauti ilikuwa ndogo mpaka wakaniambia simama. Nikasema wale wa chini ya mti. Nikauliza mzazi asiye na mahindi anaweza kuleta kuni, au siku mbili za kibarua kwenye shamba la shule, ikahesabiwa? Pakawa na ubishi kweli, baba mmoja akasema wataiga wote, bibi mmoja wa Kimeru akasimama akamjibu kwa upole kwamba enzi zake hakuna mtoto aliyepita boma la mtu wakati wa loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, akaachwa mlangoni. Ikapigiwa kura. Ikapita, kuni na kibarua vinahesabiwa, na wakati wa kusubiri mtoto anakula.

Kilichobaki ni stoo. Hatujui mahindi yanaingia magunia mangapi na yanatoka mangapi, ufunguo anao mtu mmoja na daftari sijaliona. Kikao ni Jumamosi saa nne, pale pale chini ya mti, mteja nimeshamwambia aje mchana. Jirani yangu wa kokoto naye kasema anakuja, tutaondoka wote saa tatu na nusu.