Nilithibitisha chuo kabla sijajua mkopo

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, na tangu jana simu yangu haipumziki. Mtoto wa shangazi yangu, kijana wa Bunda, amepata B ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Pointi tisa. Alinipigia saa nne usiku, nikamsikia anahema kama aliyekuwa anakimbia. "Shikamoo dada. Udaktari naomba chuo gani?" Nikamwambia anipe siku mbili, kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu vibaya kichwani mwangu kwa karibu miaka mitatu kabla ya kulijibu sawasawa kwa usiku mmoja.

Mimi nilimaliza mwaka 2018. PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, pointi 12: A ya Biolojia, B ya Kemia, C ya Fizikia. Nyumbani kila mtu alikuwa na chuo chake. Mjomba alisema Muhimbili, akafunga mjadala. Kwa watu wa umri wake daktari ni wa Muhimbili, na sababu wanazo: shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na pale ilipo, mtaa wa Upanga, utakuta taasisi ya mifupa, taasisi ya moyo, na Ocean Road ya saratani haiko mbali. Mama, mwalimu wa darasa la kwanza, hakutaja chuo chochote. Aliuliza mara moja tu, akiwa anapepeta mchele: "Na ada zao?"

Moyo wangu mimi ulikuwa Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza yenye chuo cha udaktari.

Nilipomaliza kidato cha nne, ile miezi mirefu ya kusubiri kidato cha tano, bibi yangu alipewa rufaa kwenda Mwanza. Alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguu kilikuwa kimegoma kupona. Mimi ndiye niliyekuwa sina shule, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda kumuuguza. Siku 23. Nalala chini pembeni ya kitanda, naamka saa kumi na moja kumwosha, nashuka kutafuta uji, napanda. Kutoka dirishani ziwa linaonekana lote, na jioni wauguzaji wote tulikuwa tunasogea pale dirishani kama watu wa nyumba moja.

Asubuhi walikuwa wanakuja wanafunzi wa udaktari, makoti meupe, madaftari mfukoni. Wengi walimuuliza bibi maswali kwa Kiswahili, naye alijibu neno moja moja, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Siku ya nne akaja msichana mmoja akamsalimu kwa Kijita. Bibi alimshika mkono hakuuachia. Akamweleza kila kitu, hadi jambo ambalo hata sisi nyumbani alikuwa ametuficha: dawa za sukari alikuwa anazigawa nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Daktari bingwa alipopita kwenye raundi, yule mwanafunzi alilitaja hilo mbele ya wote, na dozi ya bibi ikapangwa upya siku ile ile. Bibi alirudi Bunda na mguu wake. Mimi nilirudi nimeshaamua kwamba nitasoma pale, niwe kama yule msichana.

Nilikuwa sijafikiria kabisa kwamba yule msichana alikuwa analipiwa na mtu.

Nilianza na kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Nilikipakua kwenye simu ya kaka, nikasoma kurasa za vyuo vya afya mpaka macho yakauma. Jambo ambalo ningependa kila mwenye matokeo mkononi alielewe ni hili: sifa ya kuomba na nafasi ya kuchaguliwa ni vitu viwili mbalimbali. Sifa ya chini ya Udaktari wa Binadamu ni ufaulu wa D, D, D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani pointi sita. Mtu anasoma hapo anafurahi. Lakini kuna safu nyingine inayoonyesha chuo kinachukua wanafunzi wangapi, na hiyo ndiyo ya kukaa nayo. Chuo cha umma chenye ada ndogo na jina kubwa kitaombwa na kila mwenye A zake nchi nzima. Pointi sita zinakuruhusu kupanga foleni tu.

Nikaandika vyuo vinne kwenye karatasi, na mbele ya kila kimoja sababu. Bugando, kwa ajili ya bibi. KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi yenye chuo chake, kwa sababu jirani yetu mwenye ualbino alikuwa anapata mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa pale, na nilitaka kuona mahali ambapo hospitali inawafikiria watu hao hadi inawatengenezea mafuta. Muhimbili, kwa heshima ya mjomba na kwa sababu ni chuo cha umma. Na Dodoma. Dodoma nilikiweka mwishoni, bila hadithi. Nilichokijua ni kwamba Machi mwaka ule redio ilitangaza Hospitali ya Benjamin Mkapa imepandikiza figo, na kwamba ile hospitali iko pale pale chuoni.

Kila chuo kinaombwa peke yake, na kila kimoja kina ada yake ya maombi. Mama alitoa hela ya vyuo vinne kutoka kwenye bahasha ya mbolea. Naisema bahasha kwa sababu niliiona, na mwaka ule shamba letu la mahindi lililimwa bila mbolea.

Hapo kwenye kujaza nina mambo mawili, na yote mawili yaliniumiza.

La kwanza: steshenari. Kwetu watu wengi tunajaziwa fomu na kijana mwenye kompyuta. Aliyenijazia mimi alikuwa mwepesi na mwenye heshima, lakini kwenye nafasi ya namba ya simu aliweka yake. Kwake ni kurahisisha kazi, maana ujumbe wa malipo unamfikia yeye. Wiki kadhaa baadaye, majina yalipotoka na mimi nikahitaji namba maalumu ya kuthibitisha chuo, ile namba ilikuwa imekwenda kwenye simu yake, na yeye alikuwa amesafiri kwenda msibani Ukerewe. Nilikaa nje ya duka lililofungwa siku mbili. Mdogo wangu, keti pembeni yake wakati anajaza. Simu iwe yako, barua pepe iwe yako, nenosiri liandike kwenye daftari lako, na namba ya mtihani isome kwa sauti tarakimu kwa tarakimu kabla hajabonyeza kutuma.

La pili: chaguo la pili na la tatu. Ndani ya chuo kimoja unaweza kuorodhesha kozi kadhaa. Rafiki yangu wa bwenini, aliyekuwa na ufaulu mzuri tu, alijaza udaktari kwanza kisha akajazia nafasi zilizobaki kozi ambazo hata hakuzisoma maelezo yake. Akachaguliwa ya tatu. Alilia wiki nzima. Leo anaifanya kazi hiyo na anaifanya vizuri, lakini aliingia nayo kwa machozi. Ukiandika famasia au maabara, iwe ni kitu ambacho ukichaguliwa utaamka asubuhi na kukiendea.

Agosti ikafika. Wenzangu wengi walikuwa kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, wanaangalia majina kwa simu za kuazima. Mimi jina la JKT halikunitokea, nilikuwa nyumbani. Vyuo viwili vilikuwa vimenichagua: Bugando na Dodoma. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja, na muda wenyewe ni wa siku chache. Mkopo nao unaombwa kwingine, Bodi ya Mikopo, na majina yake yanatoka baadaye sana. Maana yake unachagua chuo gizani. Hujui utapewa ada yote, nusu, au chakula tu.

Usiku ule mama aliniita jikoni. Alikuwa na daftari la wanafunzi wake, lile la mistari minne, na ameligawa ukurasa kwa kalamu nyekundu. Upande mmoja ada ya Bugando, ambacho ni chuo cha kanisa na ada yake ni ya chuo binafsi. Upande wa pili Dodoma, chuo cha serikali. Chini yake ameandika hali tatu: mkopo ukitoka wote, ukitoka nusu, usipotoka. Akazidisha kwa miaka mitano. Kwa upande wa Bugando, hali ya pili ilikuwa inakula mshahara wake na wadogo zangu wawili wakiwa bado sekondari. Kwa upande wa Dodoma, hali ya pili ilikuwa inauma lakini inabebeka. Hakuniambia chagua hiki. Alisema, "Mwanangu, mimi sitaki uache shule mwaka wa tatu." Akaenda kulala, akaniachia daftari.

Nilithibitisha Dodoma. Nililia, sitaficha. Niliona kama namwacha bibi pale wodini.

Oktoba mkopo ukatoka, nilikuwa awamu ya pili. Bumu, yaani hela ya chakula na malazi, nilipata, shilingi 8,500 kwa siku wakati ule, na ada nilipata sehemu. Ilikuwa ile hali ya pili ya kwenye daftari la mama, karibu sawasawa na alivyoandika.

Dodoma nilifika usiku, baada ya siku nzima kwenye basi kupitia Shinyanga, Nzega na Singida. Kulikuwa na upepo wa vumbi na baridi ambayo mtu wa ziwani haijui. Miaka miwili ya kwanza ni darasa na maabara: anatomia, fiziolojia, baiokemia, na hapo nadhani vyuo vyote vinafanana kwa uchovu. Mwaka wa tatu ukaingia wodini, na ndipo nikaelewa nilipaswa kuuliza nini tangu mwanzo. Shule ya udaktari ni hospitali yake. Ningeuliza: wagonjwa wanatoka wapi, wanafika na magonjwa gani, na kati ya mgonjwa na mimi kuna watu wangapi waliosimama mbele yangu? Hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini ilinifundisha uzazi. Wanawake walikuwa wanakuja kutoka Bahi, Chamwino, Mpwapwa, na mkunga mmoja mtu mzima aliniita "wewe wa Mara, njoo" kila kichwa cha mtoto kilipokuwa kinakaribia. Mikono yangu ilijifunza kwa mikono yake.

Kwenye mafunzo ya vitendo baada ya kuhitimu tulipangwa interni kutoka vyuo mbalimbali katika hospitali moja ya mkoa. Siku ya kwanza tuliulizana umesoma wapi. Baada ya wiki mbili swali lilikuwa: nani anaweza kuweka mpira wa kifua, nani ametoa mtoto kwa upasuaji akiwa msaidizi wa kwanza? Kati yetu, wawili waliotoka kwenye hospitali zenye madaktari wengi wanaosomea ubingwa walijua mengi ya kusoma picha na vipimo, lakini vitu vya mkono walikuwa wameviona zaidi ya kuvifanya. Waliotoka hospitali zenye watu wachache ilikuwa kinyume. Tukafundishana. Posho ilikuwa moja, na Baraza la Madaktari lililotusajili ni moja.

Sasa pointi tisa za kijana wetu. Nimekaa nazo tangu jana. Kwa vyuo vya umma ataomba, Dodoma na Mbeya, lakini asiweke roho yote huko. Bugando aombe. Ifakara aombe pia, chuo cha Mtakatifu Fransisko, kwa sababu hospitali ile inahudumia bonde zima la Kilombero na utafiti wa malaria uko jirani. Maabara ameniambia mwenyewe kwamba anaipenda, basi iwe chaguo la pili kwa moyo safi. Akikosa udaktari mwaka huu, asimpe hela mtu yeyote anayesema ana mtu ndani.

Lakini orodha si kazi yake peke yake. Shangazi anauza dagaa, na vyuo viwili kati ya hivyo ni vya kanisa. Kabla ya steshenari nataka tukae, shangazi, mjomba na mimi kwenye simu, tuandike zile hali tatu. Lile daftari la mistari minne mama bado analo, nimemwomba apige picha ule ukurasa anitumie.

Jumamosi kijana aende akafuatilie cheti chake cha kuzaliwa, kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, maana fomu ya mkopo haitamsubiri. Na namba ya simu aweke yake.